Nukta na Miguu ya Kuazima

Jina la Nukta alibandikwa na kaka yake, ambaye siku hizi ni fundi wa malori, siku kaka huyo aliporudi likizo kutoka shule ya bweni akamkuta dada yake hajaongezeka hata kidole. "Wenzako wanakuwa sentensi, wewe umebaki nukta," alimwambia, na nyumba nzima ikavunjika mbavu. Jina likashika. Lilimfuata shuleni, likamfuata kazini, na alipofikisha miaka ishirini na mitano hata yeye mwenyewe akipiga simu alisema, "Ni mimi, Nukta." Halikumuuma. Kilichomuuma ni nguo.

Nguo za madukani hazikumjua. Kiuno cha gauni kilimshukia nyongani, mifuko ya suruali ilikaribia magoti, mikono ya koti ilimeza vidole vyake vyote. Watu walimshauri akate pindo, lakini kukata pindo hakusaidii kitu, maana ukikata chini makosa ya juu yanabaki palepale. Upande wa nguo za watoto urefu ulikuwa sawa, ila huko mashati yana vipepeo na wanasesere, na yeye alikuwa mtu mzima mwenye kifua na heshima zake. Kwa hiyo alizoea kununua nguo, kuifumua yote, na kuishona upya Jumapili kwenye cherehani ya shangazi yake.

Alikuwa anakaa kwa shangazi huyo kwa sababu nyumba ilikuwa karibu na kazini. Shangazi alikuwa muuguzi mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha wagonjwa wameze dawa. Kazi ya Nukta ilikuwa katika duka la mapazia. Alipima madirisha ya watu, akakata kitambaa, akapanda ngazi kutundika reli. Alikuwa mzuri katika kazi hiyo na hakuwa akitafuta nyingine.

Kisha ofisi moja ya wanamitindo, iliyokuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la dawa, iliagiza mapazia ya vyumba vya kubadilishia nguo. Mwenye duka akamtuma Nukta. Alipanda ngazi za jengo lile na ngazi yake mwenyewe begani, kitambaa kizito cha kijivu kwapani, akaanza kutoboa ukuta.

Siku hiyo wasichana walikuwa wanapimwa. Kwenye ukuta wa korido kulikuwa kumebandikwa utepe mweusi, na kila msichana alisimama chini yake, mgongo ukutani, visigino vimeshikana. Ambaye kichwa chake kiliufikia utepe aliingizwa ndani. Ambaye hakuufikia alishukuriwa kwa upole na kuonyeshwa njia ya kushukia. Nukta aliyaona yote hayo kutoka juu ya ngazi. Aliziona nywele za wasichana warefu kwa juu, zilivyochanwa na mahali zilipoachana, jambo ambalo hakulizoea.

Mwenye ofisi aliitwa Madam na kila mtu, hata na mlinzi wa mlangoni. Zamani alikuwa mwanamitindo mwenyewe, sasa alivaa miwani mikubwa na viatu bapa na alizungumza chinichini, kama mtu asiye na haja ya kusikika mara mbili. Alipokuja kuangalia mapazia, Nukta alikuwa anakaza skrubu za mwisho.

"Samahani, Madam," Nukta alisema. "Hawa mnaowarudisha, hawana kazi kabisa?"

"Jukwaani hawana. Unaulizia nani?"

Nukta akakaza skrubu mpaka ikagoma. "Naulizia mimi."

Madam hakucheka. Alimwambia ashuke. Akamzungusha, akamtazama viganja na vidole, akamwomba atazame dirishani, kisha atazame simu, akampiga picha tatu nne na kuziangalia kwa muda.

"Shingo unayo," alisema hatimaye. "Mabega yamekaa sawa, na miguu inalingana na mwili. Ukiwa peke yako kwenye picha, hakuna atakayejua urefu wako, mradi usisimame karibu na mlango." Akavua miwani. "Sasa nikwambie ukweli, usije ukanilaumu kesho. Jukwaani hupandi. Utapata kazi za mikono, za miguu, za uso. Nguo zitakuja siku wakizishona za saizi yako, na sijui siku hiyo ni lini. Unaweza kukaa miezi simu haijalia. Usiache kazi yako ya mapazia. Na siku ya kupimwa usije na viatu vya visigino virefu. Wanaodanganya urefu huumbuka mbele za watu."

"Na nalipa nini kuandikishwa?"

"Hulipi. Ukifanya kazi nakata changu. Anayekudai kabla hujafanya kazi, mkimbie."

Nukta alikunja ngazi yake akaondoka. Njiani alijiuliza ni nini kilichomfungua mdomo. Ile hamu hakuwahi kuitamka kwa mtu, na huenda hata yeye hakujua kwamba anayo mpaka alipoisikia ikitoka.

Shangazi alikuwa anakunja nguo zilizokauka alipoambiwa.

"Kazi yenyewe unafanya nini hasa?" aliuliza.

"Kusimama, shangazi. Unavaa nguo, unasimama, unapigwa picha."

"Mimi nimesimama wodini maisha yangu yote. Sikupigwa picha hata moja."

"Labda hukusimama vizuri."

Shangazi akamkata jicho, kisha akacheka kwa pua. Akakunja shuka moja kwanza, pembe kwa pembe. "Hizo nguo zinafunika?"

"Zinafunika."

"Basi siku ya kwanza nakwenda na wewe. Nataka nimwone huyo mpiga picha ana macho ya namna gani."

Na kweli akaenda. Mpiga picha alikuwa mzee mwenye maumivu ya mgongo, na studio yake ilikuwa gereji ya zamani iliyopakwa rangi nyeupe mpaka sakafuni. Shangazi alipewa kiti cha plastiki pembeni. Akakaa na mkoba mapajani, wima, macho yakimfuata mpiga picha kila alikokwenda.

"Afadhali umekuja wewe," mpiga picha alimwambia Nukta huku akipunguza urefu wa miguu mitatu ya kamera. "Hawa warefu wananimaliza shingo."

Lakini Nukta alikuwa mkavu kama ubao. Mikono hakujua aiweke wapi. "Umesimama kama unayesubiri kuitwa na mwalimu mkuu," mpiga picha alisema, bila ubaya. Akamwelekeza aweke uzito kwenye mguu mmoja, aache nafasi kati ya mkono na kiuno, asiinue kidevu kwa kudhani ataongezeka. Wakati huo mwanga wa dirishani ulikuwa unamkalia vibaya usoni, na msaidizi wa mpiga picha hakuwa amefika. Mzee akageuka. "Mama, tafadhali, unaweza kunishikia huu ubao mweupe?"

Shangazi aliweka mkoba chini kwa mara ya kwanza. Aliushika ule ubao wa kurudisha mwanga kwa utulivu uleule aliokuwa akishikia chupa ya dripu ya mgonjwa, na alipoambiwa "juu kidogo" alikwenda juu kidogo, si zaidi. Picha za mwisho, zile zilizofaa, zilipigwa wakati Nukta anajitahidi asicheke kwa kumwona shangazi yake akiwa mtumishi wa mtu.

"Yule hana shida," shangazi alitoa hukumu walipokuwa wanarudi nyumbani. "Anaangalia mwanga tu. Watu hata hawaoni."

Kazi ya kwanza ilikuwa ya sabuni. Walitaka mikono tu. Nukta alishika kipande cha sabuni juu ya beseni tangu asubuhi mpaka maji yalipopoa na vidole vikajikunja kama vya bibi kizee, ikabidi wasubiri vinyooke. Tangazo lilipotoka, kaka yake alilitazama sana, akasema, "Mikono hii mimi ndiye niliyeifundisha kufunga kamba za viatu." Mwenye duka la mapazia, ambaye alikuwa amelalamika siku nzima kwa sababu ya ruhusa ambayo Nukta aliomba, alianza kumwambia kila mteja kwamba mkono unaomkatia pazia ndio uliopo kwenye tangazo. Wateja wengine walimwomba Nukta awaonyeshe.

Baadaye zikaja ndala, wakachukua nyayo zake. Ikaja miwani, wakachukua uso kuanzia pua kwenda juu. Kati ya kazi na kazi palikuwa na kimya. Miezi ya mwanzo Nukta alilala na simu karibu na sikio, kisha akazoea kuiacha jikoni. Alianza kuona ajabu moja: alikuwa ameshapigwa picha karibu kila kipande cha mwili wake, na bado hakukuwa na picha hata moja ya kazi ambayo angeweza kusema, huyu hapa ni mimi.

Kwa hiyo kampuni moja ya nguo ilipotangaza kwamba inaanza kushona nguo za wanawake wafupi, Madam hakuhitaji kumshawishi. Alipeleka wasichana watatu, wakamchagua Nukta.

Kazi ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa karakana, chini ya jengo, kwa mama mkataji, mwanamke mnene aliyeongea na pini mdomoni bila kumeza hata moja. Yeye ndiye aliyechora na kukata nguo mpya, na alihitaji mwili wa kuzijaribia. Nukta alivishwa vitambaa vyeupe visivyo na pindo wala zipu, akaambiwa akae, ainuke, ainame, anyooshe mkono kama anayefikia kabati la juu.

"Kwapani panavuta," alisema.

"Nyuma au mbele?"

"Nyuma."

Mama mkataji alifumua, akapunguza, akapandisha kiuno, akapandisha mifuko, akarudisha bega ndani. Wiki zikapita hivyo. Siku gauni la kwanza lilipokamilika, la buluu, Nukta alisogea kwenye kioo akaona kiuno cha gauni kiko kiunoni. Hakikuwa kitu kikubwa. Mtu mwingine yeyote anakiona kila anapovaa. Aliomba ruhusa kidogo, akaenda chooni, akafunga mlango. Hakulia. Alikaa tu juu ya kifuniko kwa muda, kisha akarudi kuendelea na kazi.

Sehemu ya pili ilikuwa picha. Safari hii ilikuwa studio kubwa yenye watu wengi, na Nukta alishajua aweke mikono wapi. Kila mtu alisema zimetoka vizuri.

Bango liliwekwa kwenye dirisha la duka la kampuni, kutoka sakafuni mpaka dari. Jumamosi Nukta alikwenda kulitazama na shangazi na kaka yake. Kichwa kilikuwa chake. Mabega yalikuwa yake, na gauni ni lile la buluu. Miguu ilianza kama yake, kisha ikaendelea, ikaendelea tena, mpaka kwenye viatu ambavyo vilikuwa mbali kabisa. Mtu mwenye kompyuta alikuwa amemvuta.

Shangazi alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena. "Kichwa nakijua, nimekisuka tangu kina nywele nne," alisema. "Hii miguu ni ya nani?"

"Ameazima," kaka alijibu. "Atairudisha mwisho wa mwezi."

Nukta alicheka nao. Na ukweli ni kwamba hakuchukia. Jioni mbili tatu baada ya kazi alipita peke yake, akasimama ng'ambo ya barabara, akamtazama yule mwanamke mrefu mwenye uso wake. Alimpenda. Alijaribu hata kutembea kama ambavyo angetembea yeye.

Mambo yalibadilika siku alipoingia dukani kuchukua gauni aliloahidiwa. Alikuwa anasubiri kwenye kaunta wakati mwanamke mmoja alipotoka chumba cha kujaribia akiwa amevaa lile la buluu. Alikuwa wa kimo cha Nukta, labda chini yake kidogo. Alikuwa amemweleza muuzaji kwamba ni mwalimu na anataka kitu cha kuvaa darasani. Nukta alimtazama kwa jicho la kazi: bega sawa, kiuno sawa, mifuko mahali pake. Lilikuwa limemkaa kama limeshonewa yeye.

Lakini karibu na kioo ukutani palikuwa na picha nyingine kama ile ya dirishani. Mwalimu alijitazama kwenye kioo, akatazama picha, akajitazama tena. Pichani, kwa miguu ile, gauni lilionekana kuishia juu kabisa, nayo miguu inaendelea chini yake bila mwisho. Kwake lilikaribia vifundo.

"Kwangu linashuka sana," alisema.

"Limekukaa vizuri, mama," muuzaji alimwambia.

"Pichani siyo hivi." Alishika kitambaa kwa vidole viwili, kama anayepima. "Hata hizi za kwetu wamewashonea warefu. Basi, asante."

Akaingia ndani akalivua, akalirudisha likiwa limekunjwa vizuri. Alipokuwa anatoka, begi lake liligusa mkono wa Nukta. "Samahani, dada," alisema, akamtazama usoni, akaendelea na safari yake. Hakumtambua.

Nukta alitaka kumfuata. Miguu haikuondoka. Angemwambia nini? Kwamba yule pichani ni yeye? Angeitwa mwongo, au mbaya zaidi, angeaminiwa.

Kesho yake alikwenda kwa Madam, akamweleza yote.

"Picha ni yao, uliweka sahihi," Madam alisema. "Wakitaka wanakuwekea mabawa. Mimi walinichonga pua. Nilitembea mjini miaka na pua yangu, watu wanaitafuta ile nyingine." Akafuta miwani yake. "Ukitaka kuongea nao, nenda mwenyewe, nenda kwa heshima. Na ujue kazi inaweza kuondoka. Mimi simu hiyo sipigi. Nina wasichana wengine pale."

Nukta hakumlaumu. Alikwenda mwenyewe. Mkuu wa mauzo alikuwa kijana mpole, akamletea maji ya kunywa na kumpa kiti. Kiti kilikuwa kirefu. Nyayo za Nukta hazikugusa sakafu, na mazungumzo yote alikuwa akijizuia zisining'inie kama za mtoto.

"Kila mtu anafanya hivyo, dada," mkuu wa mauzo alisema. "Mtu hanunui nguo. Ananunua anachotamani kuwa."

"Yule mwalimu hakununua."

"Huyo ni mmoja tu."

"Inawezekana," Nukta alisema. "Lakini nguo ilimkaa, na picha yangu ndiyo iliyomwambia haikumkaa. Mkinipiga tena msimu ujao, naomba miguu iwe yangu. Kama haiwezekani, mtafute mwingine."

Alisema hayo kwa sauti ya chini, na alipomaliza akaweka glasi ya maji mezani. Mkuu wa mauzo aliahidi kulifikiria jambo lile. Hakukasirika. Alimsindikiza mpaka kwenye lifti.

Msimu uliofuata walimtafuta mwingine, msichana wa kimo cha kati, na wakamshonea nguo zilezile kwa urefu zaidi ili picha zipendeze. Nukta alilipata hilo kwa mama mkataji. Aliumia, wala si kidogo. Bango jipya lilipowekwa alibadilisha njia ya kurudia nyumbani, akawa anazunguka nyuma ya soko ili asilione.

"Unajuta?" shangazi alimuuliza.

"Siku nyingine najuta, siku nyingine sijuti."

"Na leo?"

"Leo najuta."

Shangazi alitikisa kichwa, akamsogezea kikombe cha chai.

Aliyebadilisha mambo ni mama mkataji, na hakufanya hivyo kwa huruma. Alikuwa na kazi ya kumaliza. Alipanda ghorofani, akawaambia wakubwa wafanye picha zao watakavyo, lakini yeye bila mwili wa Nukta anashonea hewa. Huko juu hakuna aliyejali ni nani anayesimama karakana, ili mradi nguo zitoke. Nukta akaitwa tena, kwanza mara moja kwa wiki, kisha mara tatu.

Mafundi wanajuana. Karakana iliyoshona sare za wauguzi ilimwomba kwa mama mkataji, ikafuata ya makoti ya mvua. Waligundua kwamba mwili wake haubadiliki kutoka msimu mmoja hadi mwingine, na kwamba hasemi "nzuri" ili tu aende nyumbani. Nukta alipunguza siku zake katika duka la mapazia, na baadaye akaaga. Mwenye duka alimpa mkono, akasema sasa itabidi apande ngazi mwenyewe na magoti yake mabovu.

Picha hazikwisha, ila zilikuwa za hapa na pale. Muuzaji mmoja mdogo wa nguo alimweka kwenye kijitabu chake akiwa amesimama kando ya kiti, na yeyote aliyewahi kuona kiti aliweza kukisia kimo chake. Ilikuwa picha ndogo kama kiberiti, chini ya ukurasa. Mkuu wa mauzo wa kampuni ile hakumpigia tena simu. Yule mwalimu pia Nukta hakumwona tena, ingawa kwa muda mrefu, akimwona mwanamke mfupi mbele yake barabarani, alimtazama mgongoni kujua amevaa nini.

Anayemuuliza siku hizi anafanya kazi gani, humjibu kwamba ni mwanamitindo, na amezoea kuona macho yakimshuka kutoka kichwani mpaka miguuni na kupanda tena. Huwaachia wamalize.

Wiki iliyopita walikuwa wanapima koti la baridi, siku ya jua kali, na feni ya karakana imeharibika. Mama mkataji na mshonaji wake walikuwa wanabishana juu ya mwenye nyumba aliyekataa kutengeneza paa. Nukta alisimama katikati yao, ndani ya sufu mpaka shingoni, jasho likimtiririka mgongoni, akisikiliza.

"Unaweza kuvumilia kidogo?" mama mkataji alimuuliza, pini mdomoni.

"Naweza. Ila bega la kushoto limepanda."

Mama mkataji akarudi nyuma hatua moja, akakunja jicho, akaona. Akachomoa pini mbili, akashusha bega, kisha akaendelea na habari za paa.